Visanduku Vyekundu

"Mama Pacha, hebu acha hicho kitambaa uje unishikie kipanya."

Mke alikuwa amepiga magoti sakafuni, anakata sare ya shule ya mtoto wa jirani, mkasi umefika katikati ya mkono. Alidhani anataniwa. Mumewe hakuwa mtu wa kuomba kushikiwa kitu. Kazi yake ilikuwa kupanga kurasa kwenye duka la uchapaji, na kila alipoileta nyumbani kompyuta ya ofisi, hata vumbi lake alilifuta mwenyewe. Pacha walijua kwamba kuigusa mashine ile ni kujitafutia balaa.

"Nikushikie? Kwani kinakimbia?"

"Njoo tu."

Aliacha mkasi juu ya kitambaa akaenda. Mume alikuwa ameisogeza meza mpaka dirishani, pua yake karibu inagusa kioo cha laptopu. Tangu mwaka jana alikuwa akitia dawa ya matone machoni, asubuhi na jioni. Daktari alimwambia kilichokwenda kimekwenda, dawa ni ya kulinda kilichobaki. Hayo mke aliyajua. Asichokijua ni kilichobaki ni kiasi gani, maana mwenyewe kila akiulizwa alijibu, "Naona, naona," kama mtu anayejibu hodi akiwa bafuni.

Kazi yenyewe ilikuwa katalogi ya vipuri vya pampu za maji. Zamani kazi kama hiyo ingekwisha siku kurasa zinapokwenda mashineni: zinachapwa, zinakunjwa, zinabanwa, mteja anabeba maboksi yake. Sasa mteja hataki maboksi. Anataka faili la kuingia kwenye simu, ili fundi aliyechutama kando ya pampu iliyogoma abonyeze namba ya kipuri, picha yake imjie, abonyeze tena, apelekwe kwenye tovuti ya kuagizia. Kwa hiyo kila namba ilitakiwa kutiwa linki.

"Linki ni nini?" mke aliuliza.

"Njia. Mtu anabonyeza hapa, anatokea kule."

"Kama mlango."

"Kama mlango. Unachora kisanduku juu ya namba, halafu unakiambia kinaelekea ukurasa gani. Msomaji hakioni. Anaona namba tu."

Namba hizo zilikuwa ndani ya michoro, na kompyuta haikuzijua kama maandishi. Kila moja ilibidi ichorewe kisanduku chake kwa mkono. Namba zenyewe zilikuwa ndogo kama mbegu za nyanya, zimetapakaa kuzunguka kila pampu.

"Sasa mbona usichore mwenyewe?"

Nje pacha walikuwa wanagombania kamba ya kuruka.

"Nachora," mume alisema. "Nikidhani nimekiweka juu ya namba, kumbe kimekaa pembeni. Jana ofisini nimechora kutwa nzima. Tajiri akapita, akabonyeza namba moja, haikwenda popote. Nikamwambia pale kuna kelele, naomba niende nayo nyumbani nikatulie."

"Kwani hizo namba huzioni?"

"Naona kwamba kuna kitu."

Mke alivuta kiti akakaa. Alimtazama machoni, macho yaleyale, meusi, safi, hayana doa. Mtu angeyaona barabarani asingeyadhania ubaya wowote.

"Ofisini anajua nani?"

"Hajui mtu. Na wasijue. Mpanga kurasa asiyeona atapewa kazi gani? Unga ukimwagika, Mama Pacha, utauzoa wewe kwa sare za jirani?"

Jibu wote wawili walikuwa nalo. Mke alishika kipanya.

"Anza juu kushoto mwa namba, buruta mpaka chini kulia, achia. Polepole. Hiyo si pasi, usiikandamize."

"Nitajuaje nimefika?"

"Utaona. Si wewe ndiye mwenye macho?"

Alilisema kwa mzaha, lakini halikumchekesha yeyote. Mke alichora, kidirisha kikafunguka, akasoma namba kwa sauti. Mume alitaja ukurasa bila kufikiri. Kurasa alizipanga mwenyewe, akizikuza mpaka herufi moja ijaze kioo, na alizishika kichwani kama mtu anavyoshika vyumba vya nyumba aliyokulia. Mke alikuwa anasoma, yeye anajibu, mke anaandika kwa kidole kimoja. Basi wakaenda hivyo.

Baada ya muda mume alitaka kukagua. Alibonyeza namba ya valvu, ikamletea mpira wa kuzuia maji.

"Umekosea."

"Sijakosea. Umebonyeza ya jirani."

"Nimebonyeza valvu."

"Umebonyeza jirani yake, baba. Mshale wako umekaa pale na valvu iko huku."

Mume aliondoa mkono mezani akauweka mapajani. "Hapana," alisema. "Lazima nione. Kama naipitisha kazi nisiyoiona, basi ni kazi yako, si yangu." Akamwelekeza pa kubonyeza ndani ya kile kidirisha. Kulikuwa na mahali pa kuchagua: kisanduku kionekane au kisionekane, mstari uwe mwembamba au mnene, rangi gani. "Weka nyekundu. Mnene kabisa."

Mke aliweka. Ukurasa ukajaa visanduku vyekundu kama karatasi ya mtihani iliyosahihishwa na mwalimu mwenye hasira.

Mume aliinama, akapeleka kipanya kwenye kimoja, akabonyeza. Valvu ikaja. Alibonyeza kingine, kikaja chake.

"Hivi naviona," alisema taratibu. Mke akaona kwamba mabega yake, ambayo hakujua kuwa yalikuwa yamepanda, yameshuka.

Mchana mama mwenye sare alipiga hodi. Hakungoja kukaribishwa, aliingia akakuta kitambaa chake sakafuni na mkasi juu yake, na fundi wake wa nguo amekaa mbele ya kompyuta.

"Makubwa. Siku hizi umekuwa karani?"

"Namfundisha fundisha," mume aliwahi kujibu, ameegemea kiti kama bwana mkubwa. "Dunia inakwenda mbio, asije akaachwa."

"Afadhali yako wewe una mume msomi. Na sare yangu je?"

"Kesho," mke alisema.

"Wiki iliyopita pia ilikuwa kesho. Au mwanangu aende shule amevaa kompyuta?"

Mke alimwomba radhi, akamsindikiza mpaka nje, akamwomba radhi tena. Aliporudi, mume alikuwa ameshasogea kwenye kioo, pua mbele.

"Unanifundisha," mke alisema.

"Ningemwambia nini yule? Mdomo wake una miguu."

Mke alikaa, akashika kipanya. Vidole vilianza kumuuma pale kwenye maungio, mahali pasipomuuma hata akishona kutwa. Sare haikushonwa siku hiyo, wala Jumapili. Jumapili pacha walipewa chai na mkate mchana, wakaambiwa wakacheze, wakarudi, wakaambiwa tena wakacheze. Kufikia alasiri namba zote zilikuwa na visanduku vyake, na mume alikuwa amevipitia kimoja kimoja, akitikisa kichwa kwa kukubali kila kilipofunguka kilichotakiwa.

"Bado huu wekundu," mke alisema. "Tuutoe sasa hivi kabla jua halijashuka."

"Huo niachie mimi."

"Tumalize tu. Mkono wangu umeshazoea."

"Nimesema niachie. Ni kazi ya kubonyeza mara moja tu, nitautoa ofisini kwa dakika mbili. Hata hilo nalo unifanyie?"

Sauti yake ilikuwa na ukali ambao mke aliuelewa, na kwa kuuelewa akauachia. Alikuwa amechoka. Alisimama, mgongo ukalia, akaenda kuokota mkasi.

Jumatano, mke akiwa anapiga pasi ile sare iliyochelewa, simu yake iliita. Alikuwa Tajiri mwenyewe, mwenye duka la uchapaji.

"Shemeji, habari za hapo? Hebu angalia, Fundi ameacha chaja ya laptopu huko kwako. Tuletee haraka, ya kuazima imechukuliwa na hapa pamechafuka."

Chaja ilikuwa nyuma ya meza, imelala na buibui. Mke aliifuta kwa kanga, akaifunga kwenye mfuko, akatoka. Njiani alijiambia kwamba kuchafuka kwa ofisini ni kwa ofisini, kila siku kuna kitu kimegoma. Lakini aliharakisha hatua.

Duka lilikuwa chumba kirefu chenye harufu ya wino na gundi. Mbele kulikuwa na kaunta, katikati mashine ya kukata karatasi, na mwisho meza ndefu ambapo wakunjaji walisimama wakikunja kurasa. Alipoingia, Mkataji, mwanamume mwembamba mwenye maneno mengi, alikuwa anawaambia wenzake:

"Miaka yote tunamwita Mstari, leo ndiyo kaipiga mistari yenyewe."

Wenzake wakacheka chinichini. Walipomwona mke wakanyamaza, na kunyamaza kwao kukamwambia ni nani anayechekwa.

Mumewe alikuwa amesimama kando ya kaunta, mikono nyuma kama mwanafunzi. Tajiri, mtu mzito aliyekuwa na mazoea ya kubandua gundi iliyokauka vidoleni kila anapofikiri, alikuwa ametandaza karatasi mbele yake. Zilikuwa kurasa za katalogi. Za mwanzo zilikuwa safi. Zilizofuata zote zilikuwa na visanduku vyekundu, vinene, vimebana kila namba mpaka nyingine hazisomeki.

Mke alizitazama, na palepale akaelewa. Mumewe alibonyeza mara moja, na ukurasa mmoja ukawa safi. Akagundua ni lazima ukurasa kwa ukurasa. Akaenda mpaka pale alipoweza, mpaka pale alipodhani amemaliza, au mpaka Tajiri alipomsimamia mgongoni akitaka faili. Hakuwa na mtu wa kumwambia kwamba wekundu bado upo.

"Shemeji," Tajiri alisema, akipokea chaja. "Karibu. Samahani kukusumbua. Mteja alilituma hili faili kwa mawakala wake wote, sasa wanampigia wanamuuliza kama pampu zake zina ugonjwa. Na mimi nina kosa, nilifungua za mwanzo nikaona ziko sawa, nikatuma." Alibandua gundi kwenye kidole gumba. "Lakini tujuane. Fundi anasema kazi aliiacha safi, ukaja wewe ukaichezea mashine alipotoka kwenda kunywa maji."

Mke alimtazama mumewe. Mumewe alikuwa anatazama upande wake, lakini si usoni mwake. Alitazama pale alipodhani uso wake upo, na alikuwa amekosea kidogo.

Watu wote walikuwa wamesikia. Dada wa mapokezi alijifanya anapanga risiti.

Kulikuwa na maneno mawili tu ya kusema, na moja lingeondoka na kazi ya mumewe. Alifikiria kodi ya nyumba. Alifikiria mama mwenye sare, na jinsi atakavyoipokea habari.

"Ni mimi," alisema. "Niliona rangi, nikabonyeza bonyeza. Sikujua."

"Ndiyo maana mimi kwangu simu naifunga kwa neno la siri," Mkataji alisema. "Wake zetu hawa."

"Wewe kata karatasi," Tajiri alimwambia. Kisha akaigeuza laptopu kumwelekea mume, akachomeka chaja. "Basi, yameshatokea. Fundi, toa wekundu wa ukurasa mmoja nione inachukua muda gani, nijue cha kumjibu mteja. Ananipigia kila saa."

Haukuwa mtego. Tajiri alitaka kujua muda, basi. Lakini mume alikaa kwenye stuli kama mtu aliyeitwa mbele ya hakimu. Taa ndefu ya darini ilimulika kioo, na mwanga ukalala juu ya ukurasa kama maji. Aliinama. Akabonyeza. Hakikutokea kitu. Akasogeza kipanya, akabonyeza tena, pembeni ya kisanduku, kwenye weupe mtupu.

"Kushoto," mke alisema.

Hakukusudia. Lilimtoka kama lilivyokuwa likimtoka siku mbili nzima pale dirishani.

"Kushoto kidogo. Shuka. Hapohapo."

Mkono wa mume ulitii wenyewe. Ulikwenda kushoto, ukashuka, ukabonyeza, kidirisha kikafunguka. Na ulipokwisha kutii, ukabaki umeganda juu ya kipanya.

Mashine ya kukata ilinyamaza. Mkataji aliinua mkono, akanyoosha vidole viwili hewani, mbele ya uso wa Fundi Mstari.

"Shusha huo mkono," Tajiri alisema, bila kupaza sauti.

Alizunguka kaunta akaja kusimama upande wao. Aliwatazama, mmoja halafu mwingine, halafu karatasi zilizojaa wekundu, na ilionekana wazi sasa anazisoma upya.

"Tangu lini, Fundi?"

"Tangu mwaka jana."

"Na mimi nilikuwa nakupa kazi za herufi ndogo."

"Ulikuwa unanipa, nami nilikuwa nazimaliza."

"Nani alikuwa anazimaliza?"

Mke alitazama sakafu, ambako vipande vyembamba vya karatasi vilikuwa vimerundikana kama nywele zilizonyolewa.

"Hii mtaimaliza hapahapa, leo," Tajiri alisema hatimaye. "Shemeji atakaa na wewe. Mteja akitulia, meza ya kukunja ina nafasi. Kukunja ni vidole, si macho."

"Kwa mshahara wa kukunja?"

"Kwa mshahara wa kukunja, Fundi. Siwezi kukudanganya. Nina kiti kimoja cha kupanga kurasa, na lazima akikalie mtu anayeziona."

Mume alikubali kwa kichwa, mara nyingi, haraka haraka, kama mtu anayetaka mwenzake amalize kusema. Tajiri alimgeukia mke.

"Shemeji, utakunywa soda gani?"

Ndiyo yaliyokuwa malipo yake. Aliletewa soda ya machungwa, akaiweka mbali na waya, hakuinywa mpaka ubaridi wake ukaisha kwa joto la chumba. Walikaa stuli mbili, bega kwa bega, mke ameshika kipanya, mume anamwambia nini kifunguliwe, ukurasa baada ya ukurasa, na hawakusemeshana neno lolote zaidi ya kazi. Wekundu uliondoka. Watu walipita nyuma yao wakichelewesha hatua. Jioni Tajiri alituma faili jipya, akasubiri, akapokea simu, akasema "Ndiyo, ndiyo, sasa safi," akakata. Hakuna aliyewashukuru, ila dada wa mapokezi alimkimbilia mke mlangoni kumpa mfuko wake aliousahau.

Walitembea muda mrefu. Mume alishika ukuta wa duka moja hadi jingine kwa ncha za vidole, kama mtu anayetembea anafikiri. Mke alikuwa hajawahi kuuona huo mkono mpaka leo, ijapokuwa sasa alijua ulikuwa ukifanya hivyo kila siku.

"Umesema niliichezea mashine."

"Nilisema."

"Mbele za watu."

"Mbele za watu."

"Ungeweza kusema nilikusaidia."

Mume alitembea hatua kadhaa. "Hilo lilikuwa gumu zaidi," alisema.

Mke alingoja aendelee. Hakuendelea, naye hakumsukuma. Alijaribu kutafuta hasira yake, aliyoihisi kubwa sana pale kaunta, akakuta imelala, imechoka kama yeye. Kesho ingeamka, bila shaka. Kesho pia mama mwenye sare angekuja, na huyu hapa angekwenda kusimama kwenye ile meza ndefu pamoja na watu aliokuwa akiwapelekea kazi, na Mkataji angekuwa na la kusema.

Walifika barabara kubwa. Kwa kawaida mume aliivuka akiwafuata watu; wakiingia, anaingia. Jioni hiyo hapakuwa na mtu mwingine wa kuvuka. Jenereta ya karakana ya pembeni ilinguruma mpaka masikio yakaziba, kwa hiyo hata kusikiliza hakukusaidia. Alisimama kwenye ukingo wa lami, ameinua kidevu, kama anayesoma kitu mbali.

Mke naye alisimama. Siku zote hizi alikuwa amesema kushoto, kulia, juu, chini, bila kuombwa, na bila kuombwa ndivyo walivyofika hapa. Alifumba mdomo. Aliukumbatia mfuko wake kifuani akakaa kimya.

Mume alitanguliza mguu mmoja, akaurudisha.

"Mama Pacha."

"Nini?"

Alichelewa.

"Sioni. Kuna gari?"

Mke alitazama upande mmoja, akatazama wa pili. Lori la mchanga lilikuwa linapanda mlima taratibu, limeegemea upande, taa zake bado hazijawashwa.

"Lipo," alisema, akamshika mkono wa shati. "Subiri lipite."

Wakalisubiri.